Alama Nne za Ambakisye

Siku ya zoezi mbuzi hufungwa kwenye nguzo ya antena, ili kila anayeingia kituoni amwone na apate hamu ya kulia vizuri. Mwaka huo alikuwa beberu mweupe, mnene hata kivuli chake kilionekana kina mafuta, naye alikuwa ameshatafuna waya mmoja na ukingo wa kofia ya Mzee Kabuje kabla watu hawajamaliza kuamkiana. Mama Lugano alimpita bila kumtazama, akakung'uta mvua kwenye khanga, akaingia.

Mzee Kabuje, jaji mkuu wa vilio, alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake cha kamba, blanketi begani, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, kofia iliyoliwa kichwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Lugano. Mbona umenuna na leo ni sikukuu?"

"Sijanuna. Uso wangu ndivyo ulivyoshonwa."

"Basi aliyeushona aliishiwa uzi karibu na mdomo."

Mama Lugano aliketi mbele ya mitambo, akavaa spika za masikioni, akashika mpini wa kuzungushia antena. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mawimbi wa Nyanda za Juu Kusini nzima, cheo kikubwa kwa kukitaja na kidogo kwa kukila. Tangu ile dhoruba ya jua, Jua Kali Kuu, iunguze minara ya simu kutoka Makambako mpaka mpakani, na wenye minara waseme watarudi wiki ijayo, wiki ambayo haijafika bado, watu wa huku walibaki na kitu kimoja tu cha kuwaunganisha. Kiliitwa Mbiu. Kilikuwa setilaiti ndogo isiyozidi kreti ya soda, iliyoundwa na mafundi wa redio wa kujifunzia nyumbani, wakairusha kwa kuomba lifti kwenye roketi ya wengine.

Mbiu hutokea kusini, nyuma ya milima ya Livingstone, ikapita juu ya Rungwe, ikazama kaskazini kabla sufuria ya chai haijachemka. Katika muda huo ndipo mtu hutuma ujumbe wake. Ukichelewa, ngoja imalize kuizunguka dunia. Ikija, sauti zake hupanda. Ikiondoka, hushuka, kama honi ya lori linalokupita barabarani, kwa hiyo msimamizi mkono mmoja huwa kwenye antena na mwingine kwenye kitasa cha masafa, na pua ikimwasha ndiyo basi.

"Inakuja," Mama Lugano alisema.

Mzee Kabuje akaweka kikombe chini, akafumba macho kama mtu anayesubiri kwaya ianze.

*

Kulikuwa na sababu ya watu wazima kulia mbele ya redio.

Zamani maneno yalitosha. Mtu alisema "nahitaji msaada", Mbiu ikapeleka. Lakini akatokea diwani mmoja aliyesema yuko mahututi, kambi ya uokoaji ikarusha ndege zake zisizo na rubani, zile ambazo watu huziita vipanga, zikamkuta amevaa suti kando ya barabara: alikuwa anawahi harusi. Akafuata mama aliyetaka kuku wake wafikishwe sokoni, akafuata mlevi wa Tunduma aliyetaka kurudishwa kwa mkewe. Mafundi wakakasirika. Wakaweka ndani ya Mbiu kitu walichokiita Sikio.

Sikio halikusikiliza maneno. Lilisikiliza koo. Lilipima mtetemo, pumzi, namna ulimi unavyokauka, likaamua lenyewe: hofu ya kweli iende kapu jekundu, nyingine zote kapu jeupe. Jekundu lilifungua milango ya kambi ya vipanga papo hapo. Jeupe lilibaki la mazoezi. Likiamua jeupe lilitoa mlio mmoja, jekundu, miwili. Na hakuna mkono wa mtu ulioweza kuhamisha ujumbe kutoka kapu moja kwenda lingine, kwa kuwa mkono wa mtu hupewa soda.

Ila Sikio lilihitaji kufundishwa, na shule yake ilikuwa zoezi la kila mwaka. Watu waliambiwa waombe msaada kama kweli, na baadaye msimamizi aliliambia Sikio, "Hizi zote zilikuwa za uongo, zijue." Kazi safi. Halafu mtu mmoja akaona zoezi linadorora, akaleta mbuzi kwa atakayelia vizuri kuliko wote.

Mtu huyo ni Amulike Mwasandube, mwenyekiti wa chama. Alikuwa na kifua kama ngoma na koo la asali, na alipolia hata wanaomdai walimwonea huruma. Mbuzi wa kwanza alimchukua mwenyewe. Wa pili pia. Nchi nzima ya kusini ikaingia kwenye kulia. Watu walijifungia vyooni wakifanya majaribio. Na Sikio, mwanafunzi mtiifu, likajifunza kilichofundishwa: anayelia sana ni mwongo.

Ndipo siku ya zoezi, miaka sita iliyopita, Ambakisye mume wa Mama Lugano akatoka kwenda kukagua mizinga yake ya nyuki bonde la Isuba na redio ya mkononi mfukoni. Mlima ukameguka. Tope likamkandamiza mpaka kifuani. Akaita, akalia, akamwita mkewe kwa jina la utotoni, na Sikio likatoa mlio mmoja.

Mwasandube, aliyekuwa akitoa alama na Mzee Kabuje siku hizo, aliisikiliza sauti ile pamoja na nyingine zote za siku hiyo, kisha kama desturi akasoma matokeo hewani. Mama Lugano alikuwa jikoni anamenya ndizi. Alimsikia kwa masikio yake: "Ambakisye wa Isuba, alama nne. Kilio hafifu, pumzi hana." Akacheka. Akaweka maneno yale akiba ili mumewe akirudi amtanie nayo.

Walimfukua siku ya pili.

Msibani ikasemwa ni mashine. Mwasandube alisimama juu ya kaburi akalia mpaka wanawake wakamshika mikono asidondoke humo, na Mama Lugano, akiwa ameketi kwenye mkeka, alimtazama bila kupepesa macho. Aliona kitu ambacho wengine hawakukiona: kabla ya kila kwikwi, mwenyekiti alivuta pumzi ndogo puani, kama mwimbaji.

Walipomaliza matanga akaenda kituoni kuomba kazi ya kulifundisha Sikio, kazi ambayo hakuna aliyeitaka.

"Mama Lugano," Mwasandube alimwambia, akimshika mikono yote miwili, "chama hiki ni nyumba yako."

"Ndaga, mwenyekiti," alimshukuru. Na kila siku baada ya hapo alimwamkia, akamwekea chai, akamuuliza hali ya nyumbani.

Alilifundisha Sikio upya. Alizunguka misibani na kinasa sauti ndani ya khanga, akalisikilizisha vilio vya watu waliofiwa kweli, mpaka likajua machozi ya moyoni na ya mbuzi. Tangu hapo hakuna aliyelia kwa haki akakataliwa. Mwaka uliopita mama mmoja wa Kyela aliyekwama kwenye mafuriko aliokolewa kwa kikohozi tu. Watu walimsifu.

Wasichojua ni somo la pili. Jioni wenzake wakiondoka, alilisikilizisha Sikio sauti ya mtu mmoja. Mwasandube akilia, Mwasandube akicheka, akihutubia, akinong'ona, akijisafisha koo, akiagiza supu. Miaka sita. Chini ya kila sauti aliandika neno lile lile: uongo. Mpaka Sikio likafika mahali ambapo mtu huyo angeweza kuungua moto mbele yake na lisingegeuka.

Halafu akangoja. Hakumroga, hakumsukuma, hakumtilia kitu kwenye chai. Aliuacha mlima ufanye kazi yake.

*

"Songea, sauti yako safi, tumekusikia," Mama Lugano alisema kwenye kipaza sauti. "Anayefuata."

"Songea sita," Mzee Kabuje alitamka bila kufumbua macho. "Alilia kama mtu aliyekosa basi."

Mlio mmoja. Kapu jeupe.

"Anayefuata ni mwenyekiti," mzee akaongeza, akikaa sawa. "Kaondoka tangu jana, leo kashuka kwenye machimbo ya zamani kule nyuma ya mlima. Anasema kuna mwangwi. Mtu mzima anakwenda kutafuta mwangwi kwenye mvua hii, kweli huyu anamtaka mbuzi."

Redio ikakoroma, ikasafishika.

"Mwasandube hapa." Sauti ilikuwa ndogo. "Ukuta wa shimo umeporomoka. Mguu wangu uko chini ya mawe, hautoki. Maji yanaingia. Si zoezi. Nani yuko hewani?"

Kutoka Sumbawanga mtu akacheka. "Mwenyekiti, leo umetuvalia suti. Endelea, tunakusikia."

"Jamani, si zoezi."

"Mwaka jana alisema hivyo hivyo nikampa tisa," Mzee Kabuje alimnong'oneza Mama Lugano. "Ila leo kabadilisha. Anaanza chini chini. Sikiliza anavyomeza mate. Yule ni fundi, mama, yule ni fundi."

Mkono wa Mama Lugano ulikuwa umesimama juu ya kitasa, na sauti ya Mwasandube ikaanza kuteleza nje ya masafa mpaka alipokumbuka kuifuata. Alikuwa ameisikiliza sauti ile kuliko mke wa mwenye nayo. Aliijua ilipolala, ilipoamka, ilipodanganya. Aliitegea ile pumzi ndogo ya puani.

Haikuwepo.

"Nasikia baridi," sauti ikasema. "Mwambieni mtu aje. Mwambieni yeyote."

Mlio mmoja.

Kitu kikampanda Mama Lugano kifuani kama maziwa yanayofurika sufuriani, moto, meupe, yenye povu. Ilikuwa furaha. Hakuwa ameionja kwa muda mrefu kiasi kwamba mwanzoni alidhani ni kiungulia. Alikaa nayo. Alimsikiliza Mwasandube akiita mara nyingine, na nyingine, akaisikia Sumbawanga ikipiga makofi, Njombe ikipiga mluzi, na Sikio likitoa mlio wake mmoja baada ya kila kauli, bila chuki, bila haraka, kama karani anayegonga muhuri.

Mbiu ikazama. Redio ikabaki na mchakacho wa mvua.

"Kumi," Mzee Kabuje alisema, akifuta macho kwa ncha ya blanketi. "Sijawahi kutoa kumi. Leo natoa."

*

Mvua ilikuwa imeshika kazi. Mama Lugano alisimama barazani, mgongo ukutani, akihesabiana na nafsi yake.

Shimo lile liko upande wa pili wa mlima. Kwa miguu ni kutwa nzima, na daraja la huko lilishasombwa. Mbiu itarudi mara moja tu kabla ya giza, nayo itapita chini magharibi, ikigusa vilele, kwa muda mfupi kuliko kawaida. Baada ya hapo ni kesho. Maji hayatangoja kesho.

Na yeye hakufanya kitu. Hilo ndilo lilikuwa tamu. Kesho wataenda, watamkuta, watasema ni mashine, kama walivyosema Isuba. Hakuna atakayelikagua Sikio, kwa sababu mkaguzi wa Sikio ni yeye. Ataketi tena kwenye mkeka, safari hii mkeka wa mke wa Mwasandube, atamshika bega na kumwambia pole. Alikuwa ameiona picha hiyo mara nyingi akiwa anaosha vyombo.

Mzee Kabuje alitoka na kisu na jiwe la kunolea, akaketi kwenye kigoda karibu naye. Beberu alikitazama kisu, akasogea nyuma ya nguzo.

"Unajua, Mama Lugano, yule mtu tukimkosa hatupati mwingine," mzee alisema, akinoa taratibu. "Nimekwisha kumwandalia hotuba. Si kwamba namwombea mabaya, hapana, lakini uzee wetu huu unajipanga mapema. Siku akienda, kituo hiki tutakiita kwa jina lake. Nimezungumza na wenzangu. Tutatengeneza na sanamu, ya saruji, ameshika redio hivi."

"Sanamu."

"Ya saruji. Na kila zoezi litaanza kwa kumkumbuka. Watoto wajue kulikuwa na mtu hapa mwenye moyo. Wewe mwenyewe shahidi. Pale kwa marehemu Ambakisye, unakumbuka alivyolia? Mimi nilisema moyoni, huyu angekuwa ndugu wa tumbo moja asingelia zaidi."

Kisu kikapita juu ya jiwe, kikarudi.

"Na leo," mzee akaendelea, "hata angekufa leo, Mungu apishie mbali, angekufa juu kabisa. Kumi kamili. Ni nani anayepata mwisho kama huo?"

Maziwa yale kifuani mwa Mama Lugano yakazimika ghafla, yakaacha harufu ya kuungua.

Aliiona sanamu. Aliiona imewekewa shada la maua, na watoto wamepanga mstari. Akamwona Mwasandube chini ya udongo, mtulivu, mwenye kumi zake, asiyejua. Hapo ndipo ilipomchoma: asiyejua. Miaka sita alimwekea chai. Miaka sita hakumwambia neno hata moja, akijihesabia kuwa kifo kitamwambia kila kitu kwa niaba yake. Na sasa kifo kilikuwa njiani, nacho kilikuwa bubu. Mtu yule atazama akidhani ameonewa na mvua. Ataondoka msafi, na yeye atabaki na maneno yote, amebeba peke yake, mpaka naye azikwe nayo.

"Mama Lugano? Umekuwa mweupe."

Alikuwa ameshaingia ndani.

*

Mbiu ilitokea chini sana, imekwaruzwa na mvua. Mama Lugano aliivizia kwa antena kama mtu anayevizia inzi. Sauti ya kwanza kuingia ilikuwa ya Mwasandube, au kilichobaki kwayo.

"...kifuani. Maji yako kifuani."

Mlio mmoja.

Alibonyeza kipaza sauti. "Hapa msimamizi wa mawimbi, Tukuyu. Amulike Mwasandube amefukiwa mguu kwenye machimbo nyuma ya Rungwe. Maji yanapanda. Si zoezi. Vipanga viende sasa."

Mlio mmoja. Sikio lilikuwa limesikia koo la karani.

"Unafanya nini?" Mzee Kabuje alikuwa mlangoni, kisu mkononi. "Zamu ya Njombe hii."

"Haigizi, baba."

"Umejuaje?"

"Kaa chini." Akabonyeza tena. Alimfikiria mke wa Mwasandube, mwanamke mpole asiye na kosa. Alijaribu kumwonea huruma kwa sauti. "Ana mke, ana wajukuu. Wanamsubiri. Mwokoeni, tafadhali."

Mlio mmoja.

Akalia. Alijilazimisha, akakunja uso, akatoa kilio kirefu, na mara moja alijisikia akivuta ile pumzi ndogo puani. Hakuhitaji kusubiri jibu, lakini lilikuja.

Sauti zilianza kushuka. Mbiu ilikuwa imeshapita kilele chake na kuanza kuteremka. Vidole vyake vikaifuata kwenye kitasa. Yeye mwenyewe ndiye aliyelifundisha Sikio lisidanganyike, na alikuwa amelifundisha vizuri. Lisingemkubalia huruma ambayo hakuwa nayo. Kulikuwa na kitu kimoja tu alichokuwa nacho.

"Haya," akasema, na hakuwa tena akiongea na kambi wala chama. "Nisikilize basi. Huyu mtu simwonei huruma. Nilimtaka afe. Miaka sita nimekufundisha usimsikie, kila neno lake nililiandikia uongo, nilifanya mimi, Tusekile, kwa mkono wangu. Mume wangu alikufa na tope kifuani anaita, na huyu akampa alama nne. Alisema kilio hafifu. Alisema pumzi hana. Pumzi angeitoa wapi?"

Akaizungusha antena, akiifuata Mbiu ilivyoteremka.

"Na sasa anakufa, na watamjengea sanamu. Atakufa mwenyekiti. Sijamwambia. Mnanielewa? Bado sijamwambia. Nimemwamkia kila siku kama mjinga, na leo anaondoka hajasikia hata neno moja kutoka kwangu. Msimwache anitoroke." Kitu kikakatika kooni, kikavu, kibaya, kisichofaa kusikika mbele ya watu. "Mleteni akiwa hai. Mleteni jamani, nitamkosa, nitamkosa milele huyu, mleteni..."

Redio ikanyamaza kwa muda wa kumeza mate.

Mlio. Na mwingine.

Kule kambini, milango isiyo na mkono wa mtu ikafunguka. Mbiu ikazama nyuma ya vilele. Mzee Kabuje alikuwa amekaa chini sakafuni, kisu kando yake, akitazama mikono yake kama mtu anayejaribu kukumbuka ni alama ngapi imewahi kuandika.

"Na mimi nilikuwepo siku ile," akasema baadaye. "Tulikuwa tunaharakisha. Nyama ilikuwa inaiva."

"Najua, baba."

Alivua spika za masikioni, akatoa ufunguo wa kituo shingoni, akampa. Mzee aliupokea kwa mikono miwili.

*

Nesi wa hospitali alikuwa msichana mwenye haraka, sweta juu ya sare.

"Wewe ni ndugu yake?"

"Mimi ndiye niliyemtoa."

"Ah, ndiwe." Nesi alimtazama vizuri zaidi. Kusini nzima ilikuwa imesikia. Wengine walikuwa wakilitamka jina la Tusekile kwa kunong'ona, wengine kwa kutema mate, na chama kilikuwa kimeitisha kikao cha kumjadili. "Mwenyewe anajua tu kwamba uliita, hajui uliyoyasema. Redio yake ilikufa maji kabla hujaongea. Mkewe ametukataza tusimwambie, na sisi nani ataanza? Ila hali chakula. Tangu aletwe anakataa. Akiendelea hivi, huo mguu hautatuponea, na yeye mwenyewe sina uhakika."

Mwasandube alikuwa amelala chini ya mablanketi, mdogo kuliko alivyoonekana akiwa amesimama. Alimwona, akajitahidi kutabasamu.

"Mama Lugano. Wameniambia ni wewe uliyeita." Sauti ilikuwa ya mchakacho, koo la asali limepasuka. "Ndaga. Ndaga fijo. Nilijua wewe utanisikia."

Alivuta kiti. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu. Akikana, anajua la kusema. Akisingizia mashine, anajua. Akilia, atakaa kimya amwangalie puani.

"Nimekuja kukwambia jambo," alisema. "Ambakisye wangu, siku ya Isuba. Ulimsikiliza, ukasoma matokeo yake. Alama nne. Kilio hafifu, pumzi hana. Alikuwa anakufa, Mwasandube. Ulisahihisha kifo cha mume wangu."

Mwasandube alimtazama. Uso wake ukakunjamana, si kwa kulia, kwa kutafuta. Alitafuta kwa bidii, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda gizani, na Mama Lugano alimwona akitafuta, na akamwona akirudi mikono mitupu.

"Sikumbuki," alisema.

"Hukumbuki."

"Nilisoma majina mengi siku ile. Nakumbuka mazishi. Nakumbuka mvua. Hilo la alama..." Akatikisa kichwa polepole juu ya mto. "Sikumbuki, mama. Ningekuwa nakumbuka ningekwambia." Akafumba macho. "Nimechoka."

Kwa hilo Mama Lugano hakuwa amejiandaa. Neno alilolibeba miaka sita, lililomnyima usingizi na nyama na kicheko, kwa mwenzake halikuwa hata na mahali pa kuwekwa.

Nesi akaingia na kikombe cha uji, akasimama mguu wa kitanda. "Unaona? Ndivyo anavyofanya. Anafumba macho basi. Mkewe amebembeleza mpaka amechoka."

"Lete."

"Hatakunywa."

"Lete, mwanangu."

Alipokea kikombe, akapima moto wake kwa kidole. Ulikuwa uji wa ulezi, mzito, wenye maziwa. Akapitisha mkono wake nyuma ya shingo ya Mwasandube, akamwinua, shingo nzito ya mtu mzima aliyeachia mwili wake wote.

"Fungua mdomo."

Akafumbua macho. "Sina hamu."

"Sikukuuliza hamu. Utakunywa huu, na kesho nitakuja na mwingine. Utapona. Utakaa, utaketi sawasawa, na mimi nitakaa hapa nikusimulie siku ile tangu alfajiri, neno kwa neno, alivyoita na alivyoniita, mpaka uikumbuke kama ninavyoikumbuka mimi. Ukisahau nitaanza upya. Sina kazi nyingine sasa."

Kijiko kikagusa midomo yake. Mwasandube alimtazama, na kwa mara ya kwanza ana kwa ana, Mama Lugano aliisikia hofu yake ya kweli, katika pumzi tu.

Akafungua mdomo.

Akamnywesha taratibu, kijiko baada ya kijiko, akimfuta kidevu kwa ncha ya khanga kila ulipodondoka, akipuliza uliokuwa moto. Nesi alisema baadaye kwamba hajapata kuona mgonjwa akiuguzwa kwa uangalifu namna ile, hata na mama yake mzazi.